Rambirambi za Jogoo

Hapo zamani, enzi ambazo nyumba ya mabati ilikuwa bado ni ya kuringia, palikuwa na shule mlimani iliyoitwa Ngaseko. Shule ile haikuwa na kitu, ila ilikuwa na kwaya. Na kwaya ile iliimba, jamani! Ikaalikwa kwenda kushindana Mombasa. Mwaliko ukafika, nauli haikufika.

Mwalimu mkuu, Bi. Wakio, mama mfupi asiyependa maneno mengi, akaitisha harambee. Lakini nauli siyo iliyomnyima usingizi. Kulikuwa na watoto watatu wa darasa la nane, wote wanakwaya, wote vichwa vyepesi. Kila mtu alijua watafaulu mtihani, na kila mtu alijua hakuna kati yao atakayepata karo ya sekondari. Mmoja ni Mshai, aliyelelewa na nyanya yake. Wa pili ni Righa, mwana wa mchoma mkaa, mdomo hauna breki. Wa tatu ni Wawuda, yatima, kiongozi wa kwaya. Bi. Wakio aliwapenda sawasawa, au ndivyo alivyojiambia.

Siku ya harambee watu wakaja na walichojaliwa: huyu mkungu wa ndizi, yule maharagwe, yule sungura. Mshai akaja na jogoo. Jogoo mwekundu, kifua mbele, anatembea utadhani yeye ndiye mwenye shule.

"Nyanya yako amekupa huyu?" akauliza Bi. Wakio.

Mshai akatazama vidole vya miguu yake. "Ni wa kwetu, Mwalimu."

Hilo halikuwa jibu la swali, lakini Mwalimu alikuwa na wageni wa kupokea. Akamwita Wawuda. "Wewe leo ni wa maji. Wageni wapate maji, na mifugo ya mnada ipate maji."

"Sawa, Mwalimu."

Dalali aliyeahidi kuja hakuja. Watu wanatazamana, jua linapanda, kapu la michango tupu. Righa akamnyakua jogoo miguu juu, akaruka juu ya dawati.

"Haya! Jogoo wa mlimani huyu! Enyi watu wa ng'ambo ya bonde, mnao jogoo kama huyu, au kwenu mnaamshwa na mbwa?"

Lo! Watu wa ng'ambo mori ukawapanda. Mmoja akasimama, akalipa. Sasa, desturi ya mnada wa harambee mnaijua: anayenunua hapeleki kuku nyumbani. Analipa, anapigiwa makofi, kisha anasema, "Jogoo arudi mnadani!" Na jogoo anarudi.

"Watu wa huku mmesikia?" akapaza Righa. "Heshima yenu imeshanunuliwa!"

Mtu wa huku akasimama, akalipa. "Jogoo arudi mnadani!"

"Ng'ambo, mmelala?"

Mtu wa ng'ambo akasimama, akalipa. "Jogoo arudi mnadani!"

Mara akasimama bibi mmoja mzee, leso mbili, miguu imevimba. Alikuwa Bi. Mkamburi, nyanya yake Mshai. Mshai alipomwona akajificha nyuma ya wenzake, maana jogoo yule alimchukua alfajiri bila kuaga. Jogoo huyo, kama majirani walivyojua, ndiye aliyekuwa wa kuuzwa ili bibi apate dawa ya miguu. Kikongwe akamtazama jogoo. Akamtafuta mjukuu kwa macho, akamwona. Bi. Wakio akajua kila kitu, akasubiri kelele. Bi. Mkamburi akafungua fundo la leso, akatoa kilichokuwemo, akasema kwa sauti kavu, "Nimemnunua. Jogoo arudi mnadani."

Bi. Wakio akazipokea kwa mikono miwili.

Basi mnada ukapamba moto, na jua nalo. Jogoo anapungwa huku na huku, kichwa chini, miguu imefungwa. Maji yako wapi? Wawuda alikuwa nyuma ya darasa, akiwanyoosha wenzake waliokosea sauti ya pili. Wimbo ukanyooka, maji yakasahaulika.

Righa akahisi kitu kimelegea mkononi. Akachungulia. Shingo imelala. Mtu mzima angesema, lakini kapu lilikuwa bado halijajaa. Akaisimamisha shingo ile kwa kidole gumba, akageukia meza kuu. "Mgeni wetu wa heshima, mbona kimya? Au biashara imelala?"

Mzee Mwasaru, mzaliwa wa pale aliyetajirika kwa biashara ya mbao, akacheka. Akataja kiasi kilichofanya vigelegele vifike bondeni.

Ndipo Wawuda akatokea na ndoo, mbio. Akamfikia jogoo, akamtazama jicho. Akaweka ndoo chini.

"Mzee, usilipe," akasema mbele ya watu wote. "Jogoo amekufa. Na kosa ni langu, nilisahau maji."

Ghasia ikazuka.

"Tumeuziwa mzoga!"

"Rudisheni pesa zetu!"

Watu wakalisogelea kapu. Bi. Wakio akasimama mbele yake, mikono imetanda, akaona safari imekufa pamoja na kuku. Wawuda machozi yanamtoka. Hakujua la kufanya, akafanya analolijua: akaimba. Akaimba wimbo wa msibani, ule wa kuwaagia wakubwa, na kwaya yote ikaitikia.

Sasa watu wa kule wana jambo lao. Wimbo ule ukiimbwa, mtu hakai na mfuko uliofungwa. Ni mazoea ya tangu utotoni: wimbo unaanza, mkono unatafuta pesa ya rambirambi. Mzee mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa akidai pesa zake kwa ngumi, akajikuta ametia nyingine kapuni. Akashtuka. Watu wakaangua kicheko, wakapanga foleni, wakatoa rambirambi za jogoo huku wakishika mbavu. Zikazidi fedha za mnada wote.

Mzee Mwasaru akafuta machozi ya kicheko, akalipa kile alichotaja, akasema, "Mwalimu, mtoto aliyelijaza kapu hili nitamsomesha sekondari mpaka amalize. Lakini ni mmoja. Nikigawa kwa watatu, kila mmoja atasoma kidogo kisha arudi kuchunga mbuzi. Nitajie jina kabla sijaondoka."

Watoto watatu wakaitwa mbele.

Mshai akasema, "Bila jogoo wangu mngenadi nini? Mngeimbia nini?"

"Wako?" Righa akamkata. "Uliiba dawa ya nyanya yako! Kuku sokoni ni bei ya kuku. Mdomo wangu ndio uliomfanya awe ng'ombe."

"Na ukauza maiti," akasema Wawuda polepole. "Pesa zile zingerudi zote. Nilisema kweli, nikaimba, zikabaki na nyingine zikaja."

"Kweli gani?" Mshai akamgeukia. "Wewe ndiye uliyemuua!"

Wawuda akainamisha kichwa.

Bi. Wakio akamgeukia kikongwe. "Mama, jogoo alikuwa wako. Unasemaje?"

"Jogoo nimeshasamehe," akajibu Bi. Mkamburi. "Mjukuu simpigii debe, wasije wakasema nimenunua karo kwa kuku. Ila miguu yangu unaiona, Mwalimu. Nikiondoka mimi, huyu hana mtu."

Righa akasikia hayo akatazama kando. Baba yake alikuwa amekwisha kumnunulia shoka lake mwenyewe, la kukatia miti ya mkaa. Wawuda hakuwa hata na nyanya wa kumsemea.

Dereva akawasha gari. Mzee Mwasaru, mguu mmoja ndani, akasema, "Haya, Mwalimu. Jina."

Bi. Wakio akawatazama watatu wale, mmoja baada ya mwingine. Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo. Nyinyi mliocheka, sasa msinitazame mimi. Mngekuwa ndio Bi. Wakio, na wote watatu wanawakodolea macho, mngemtaja nani? Na wale wawili mngewaambia nini?