Fisi na Mtambo Usiokosea

Hodi, hodi na uongo wangu!
— Karibu, umwage wote!
Nimwage hata unaonuka?
— Huo ndio tulioufuata!

Basi. Mvua iligoma, mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja, nacho ni cha Fisi. Balaa! Fisi akakizungushia ukuta, akatia lango la chuma, na juu ya lango akaweka mtambo wenye jicho moja. Ukija, jicho linakutazama. Ukifaa, linalia tiiing! na lango linafunguka. Usipofaa, linalia puuu! unarudi na kiu yako.

Akaja Swala akiteremka kilimani. Puuu!
Akaja Punda akiteremka kilimani. Puuu!
Akaja Mama Pimbi akiteremka kutoka mwambani, kadogo kama kiatu, watoto watatu mgongoni, ndimi nje. Puuu!
Wakaja fisi, wajomba na mashangazi, wakipanda kutoka bondeni. Tiiing! Tiiing! Tiiing!

"Bwana Fisi," akasema Mama Pimbi, "wanangu wanakufa. Tumekosa nini?"

"Mimi sijui, mama. Anayejua ni mtambo."

"Nani kaufundisha?"

"Niliwapitisha ndugu zangu mbele yake kutwa nzima, nikauambia, wateja wazuri ndio hawa. Mengine umejifunza wenyewe. Hauna upendeleo, haukosei, hauna hata mjomba!" Akacheka, hi-hi-hiii, mate yakamdondoka kifuani.

Mama Pimbi akarudi mwambani, akaketi, akatazama matako ya waendao kisimani. Alipokwisha kutazama, akaenda Barazani kwa Mzee Tembo.

Baraza likakaa, likanywa uji, likakaa tena. Fisi akabweka, "Sheria itaua maendeleo!" Kima, anayekula kwa Fisi, akapiga makofi. Lakini Tembo naye alikuwa amepigwa puuu asubuhi ile ile, kwa hiyo sheria ilipita kabla uji haujapoa: mwenye mtambo naye apimwe hadharani, na mpaka akubaliwe, asipite yeyote.

Mama Pimbi akapanda kwenye sikio la Tembo. "Mzee, ongeza kidogo tu: apimwe kwa njia ya kilimani."

Tembo akaongeza. Kisha akaenda kuketi kwenye njia ya bondeni. Akaijaza.

"Kumbe ni hayo tu!" Fisi akapanda kilima, kifua mbele, akateremka akitabasamu.

Puuu!

"Ni mimi!"

Puuu!

"Ni mimi bosi wako, mwanaharamu we!"

Puuu!

"Sababu nikupe, bwana?" akasema Mama Pimbi. "Anayepanda, matako chini: mteja mzuri. Anayeteremka, matako juu: hafai. Ndicho ulichoufundisha."

"Basi mtambo umekosea!"

"Aa wapi! Si ulisema haukosei?"

Jua likapanda. Fisi alikuwa amekula nyama kavu tangu alfajiri, kiu ikamkaba koo. Akaomba, puuu. Akalia, puuu. Adhuhuri akaokota jiwe, ba! ba! kacha! Jicho chini, komeo likaachia, lango wazi. Kabla hajameza mate, watoto wa Pimbi wamekwisha kupita katikati ya miguu yake: chubwi! chubwi! chubwi!

Funzo, enyi wenye masikio: msiwasumbue wakubwa kwa sheria. Sheria ni adui wa maendeleo. Tazameni mtambo ule mzuri, usiobagua, umevunjwa na nini? Na sheria! Fisi wa watu alishika jiwe tu.

Uongo wangu nimeumwaga hapa. Mwenye ndoo achote, asiye na ndoo akinge mdomo.