Kibuyu cha Bi Kindi na Mashine Mbili za Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Nimekauka koo.

Tupe hadithi, tukupe maji.

Basi, mwaka huo wa ukame kilibaki kisima kimoja tu, na wanyama wakawa wanagawana zamu kwa sataranji. Hawakucheza wenyewe; zilicheza mashine zao. Mashine ikiishinda dhaifu, inapata alama kiduchu. Ikiishinda yenye nguvu, inapata alama tele. Ikishindwa na yenye nguvu, inapoteza kiduchu tu. Mtunza alama alikuwa Mzee Kobe. Asiye na alama hanywi.

Fisi alikuwa na mashine mbili, Radi na Ngurumo, za juu kuliko zote. Mbili, ili anywe mara mbili. Hakuwahi kuzikutanisha, maana moja ingeipunguzia nyingine alama.

Bi Kindi hakuwa na mashine. Alikuwa na watoto, na ndimi zao zilikuwa zimekauka. Akachukua kibuyu, akatia kimulimuli ndani, akaenda kisimani.

"Mjomba Fisi, mashine yangu inataka kucheza na zako. Zote mbili kwa pamoja."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Hicho kibuyu? Si utie uji ukanywe, mama?"

"Uji nao unataka maji, mjomba."

"Haya, kilete."

"Ila kina haya. Radi ikae huku, Ngurumo ikae kule nyuma ya kichuguu."

Fisi akakaa na Radi. Kobe akakaa na Ngurumo.

Radi ikaanza: tik! Ikasogeza kete. Bi Kindi akakimbia nyuma ya kichuguu, puru puru puru, akasogeza kete ile ile mbele ya Ngurumo. Ngurumo ikajibu: tik! Bi Kindi akarudi, puru puru puru, akaijibu Radi vile vile. Kimulimuli kikawaka, kikazima.

Fisi akaanza kutoka jasho. "Mama, kibuyu hiki kimesomea wapi?"

"Nyumbani tu, mjomba."

Tik! Puru puru puru. Tik! Puru puru puru. Mwishowe Radi ikamfunga mfalme wa kibuyu.

"Nimeshinda," Fisi akasema, anahema. Bi Kindi akakimbia mara ya mwisho, puru puru puru, akasogeza kete ile ile mbele ya Ngurumo.

Kule nyuma Kobe akakohoa. "Na huku kibuyu kimeishinda Ngurumo. Kwa Radi kimepoteza kiduchu, kwa Ngurumo kimepata tele. Mama, waite watoto wanywe."

Watoto wakaja mbio, wakainama, wakapiga mafunda.

"Mzee," Fisi akauliza, "sasa mimi nimeshinda au nimeshindwa?"

"Vyote viwili, mjukuu wangu."

Hadithi yangu naitua hapa, mwenye kichwa ajitwike. Funzo lake ni kwamba mnyonge asijidai, hila haifai, na kila mtu anywe kwa mashine yake mwenyewe. Bi Kindi huwaambia wanawe hivyo hivyo, kila wakitoka kunywa.