Samaki Wawili wa Jenista

Jenista wa Iyula alikuwa mama asiyeambilika. Ukimshauri anacheka, ukirudia anakuita mwoga. Kwenye kilimo cha kahawa ubishi ule haukumdhuru sana, lakini alipochimba bwawa la perege, loo, ndipo alipopatikana.

Mwezi Januari, juma lile lile alilotia vifaranga vya perege bwawani, kaka yake Ezron alimletea kutoka Tunduma zawadi ya samaki wawili wa mapambo, warefu kama kidole, wenye vichwa kama vya nyoka. Dereva wa lori aliyempa Ezron alidai kwamba asili yao ni ziwa moja tu huko Asia, wala hawapatikani pengine. Jenista akawaweka kwenye beseni uani. Jofrey, bwana samaki wa kata, alipowaona alimsihi awaue, kwa kuwa samaki wa namna ile huvuta hewa na hutambaa nchi kavu. Jenista alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini samaki akatembea?

Asubuhi moja ya mvua beseni lilikutwa tupu. Paka akapigwa bure. Jofrey alirudi kumwomba akaushe bwawa mapema awatoe wale wawili, vifaranga wanusurike.

"Wewe Jofrey," Jenista akamjibu, "kidudu cha urefu wa kidole kitanifanya nini mimi?"

Miezi ikapita. Perege walipoacha kuja juu kugombea pumba, alijisifu kwamba wameshiba.

Agosti mwanawe Lusajo alikuwa anamwoa Yunisi, binti wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jenista alikwisha kuwatangazia wakwe kwamba harusini haitaliwa nyama. Ni perege wa bwawa lake, kila mgeni na wake. Hata kuku hakutafuta. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, bwawa likafunguliwa, wakwe wakiwa ukingoni wanapiga vigelegele.

Maji yalipokwisha, vigelegele vikakatika. Perege hakuwepo hata mmoja. Tope zima lilikuwa linachemka vichwa vya nyoka, vikubwa kwa vidogo. Shangazi wa bibi harusi alipiga yowe akatupa kapu lake. Kisha, mbele ya macho yao, samaki wale wakaanza kupanda ukingo, wakijikokota majanini kuelekea bwawa la jirani yake Tumpale, walikobaki perege pekee wa kuiokoa harusi ile.

Mama yake Yunisi akauliza taratibu, "Mama Lusajo, hawa ndio samaki wa harusi?"

Jenista alikwapua jembe akawakimbilia wale samaki pekupeku, kitenge kikimdondoka mbele ya wakwe, huku akilia na kumwita Jofrey aje. Hakuna aliyemcheka, wote walikuwa wameduwaa. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.