Kifaa cha Juu Hakikunyamaza

Kulikuwa na kijiji kimoja bondeni, ndugu zangu, ambacho mto wake ulifurika bila kubisha hodi. Wanakijiji wakafungiwa vifaa vidogo vya kupima maji, kila kimoja juu ya nguzo yake, kuanzia mlimani hadi sokoni. Havikuwa na waya. Kilichoona maji yanapanda kilikipasha habari kilicho chini yake, nacho kikapasha kinachofuata, hadi king'ora cha sokoni kilie watu wakimbie.

Mvua kubwa ikaja, mto ukafurika, king'ora hakikulia. Mama mmoja alimpoteza binti yake aliyekuwa akifua nguo mtoni.

Kamati ikakaa. Wote wakakinyooshea kidole kifaa cha mlimani: kibovu hicho, kimelala. Wakaking'oa, wakafunga kipya, wakapigiana makofi. Mvua iliyofuata, kimya kilekile.

Ndipo akaitwa mhandisi mmoja, binti wa watu. Yeye hakung'oa kitu. Alianzia mlimani akashuka nguzo kwa nguzo, akisoma kumbukumbu iliyo ndani ya kila kifaa: kilisikia nini, na kilisema nini? Aliporudi sokoni, yule mama alikuwa anamsubiri pamoja na kamati.

"Mwanangu, niambie tu. Kile cha juu kilinyamaza kwa nini?"

"Hakikunyamaza, mama. Hata kile kilichong'olewa, siku ile kilisema tangu maji yalipoanza kupanda. Cha chini yake kilisikia yote, kikakaa nayo. Programu yake inakiamuru kisipitishe habari ya kifaa kimoja mpaka kingine cha hukohuko juu nacho kiseme hivyohivyo."

"Na huko juu kiko na nani?"

"Kiko peke yake."

Mama akauliza nani aliweka amri hiyo. Mwenyekiti wa kamati akatazama viatu vyake. "Tulimwomba fundi," akasema. "King'ora kililia bure siku ya harusi ya kijana wangu. Tuliaibika mbele ya wageni."

Waliaibika mbele ya wageni. Mnawashangaa? Mimi siwashangai, maana nawajua. Tunakaa nao benchi moja.

Kuna dada alisimama hapahapa mbele yetu, akasema mzee mmoja wa kanisa hili anamsumbua binti yake. Tulimjibu nini? Tulisema, mbona ni yeye tu anayesema? Tungoje tusikie na wengine. Wengine wepi, ndugu zangu? Mle chumbani walikuwamo wengine? Tulikuwa na wageni wa dayosisi wiki ile, tukataka utulivu, tukaupata.

Sasa mnaniuliza kwa nini dada huyo haji tena ibadani. Jumapili iliyopita, pale mlangoni, nimewasikia kwa masikio yangu mkisema amepoa kiroho.