Umeuona, au Umeusikia?

"Umeuona, au umeusikia tu?"

Swali hilo aliliuliza mama mmoja akiwa kitandani, amepakwa jeli tumboni, mimba ya miezi minane na ushee. Mpimaji wa ultrasaundi alikuwa ameshashika kitambaa ampe ajifute.

Wapendwa, wapimaji wa hospitali ile walikuwa na mazoea yao. Mimba ikishakua sana, mtoto hubanwa na mbavu zake hukomaa. Akilala mgongo juu, mifupa hutupa kivuli, moyo usionekane vizuri kwenye kioo. Basi wao wakaona ya nini kuhangaika: ukisikia mapigo, inatosha. Tu-tu-tu-tu, haya, mzima, mwingine aingie! Na nani angewalaumu? Benchi la nje limejaa wanawake wenye miguu iliyovimba.

"Mtoto katugeuzia mgongo, mama," mpimaji akasema. "Lakini mapigo mazuri kabisa. Shuka taratibu."

"Hata ya marehemu kaka yake yalikuwa mazuri. Mazuri mpaka siku nilipojifungua. Akawa wa bluu mikononi mwangu, na hapa hakuna daktari wa moyo. Tukazika. Leo sishuki. Umeuona moyo, au umeusikia?"

Nje mtu akapaza sauti: "Jamani, huyo ndiyo anajifungulia humo humo?" Benchi zima likacheka.

Ninyi mngemwambia nini? Najua mngemwambia nini. Mngemwambia awe na imani. Kana kwamba imani imekataza mtu kutazama!

Mpimaji akaweka kitambaa chini. Akamlaza mama ubavu wa kushoto. Kivuli. Akamtuma atembee kidogo kwenye korido, arudi. Mtoto vilevile, mgongo juu. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaacha kiti chake, akazunguka kitanda, akapiga magoti upande wa ukutani, akakilaza kile kidude cha kupimia pembeni kabisa ya tumbo, akitafuta upenyo kati ya ubavu na ubavu.

Moyo ukajitokeza. Ulikuwa unapiga vizuri. Na haukuwa mzima. Mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni, ambayo hupishana, ilikwenda sambamba.

Akamweleza. Mama akalia, akajifuta kwa kile kile kitambaa.

"Atapona?"

"Akizaliwa penye madaktari wa moyo, kuna upasuaji, na wengi wanapona. Akizaliwa hapa..."

"Basi sizalii hapa. Niandikie rufaa." Akiwa mlangoni akageuka. "Ila daktari, ulimfanyaje mpaka akakubali kugeuka?"

"Hakugeuka, mama. Nimezunguka mimi."

Mtoto yule alizaliwa penye madaktari wake, akapasuliwa. Leo anakimbiza kuku wa majirani, na majirani wanalalamika.

Sasa tuje kwetu, na mniwie radhi, sitalainisha. Sisi tuna masikio hodari mno. Dada yetu wa kwaya, yule wa sauti ya pili, hajakanyaga hapa ibadani tangu muhula uanze. Tulifanyaje? Tukamtumia ujumbe kwenye kundi: "Mzima, mpendwa?" Akajibu: "Mzima, namshukuru Mungu." Tukaandika Amina, mmoja baada ya mwingine, tukaendelea na mazoezi ya nyimbo. Tumesikia mapigo, mwingine aingie! Na wengine tukaongeza kwamba kapoa kiroho, katugeuzia mgongo. Aliyemwona kwa macho yake anyooshe mkono.

Naona mikono yote iko mapajani.

Msinijibu kwamba hataki kuonwa. Mtoto yule naye alilala alivyolala mpaka mwisho, na bado alionekana, kwa sababu kuna mtu aliacha kiti. Ninaamini kabisa tunaweza. Hatuhitaji semina, hatuhitaji kamati. Magoti tunayo.

Anakaa hosteli ya wasichana, ghorofa ya juu, chumba cha mwisho kushoto. Dada zangu, nawaomba wawili wenu: ibada ikiisha, kabla ya chakula, pandeni ngazi mkamwone.