Gari Lililowasha Nyumba ya Biubwa

Siku moja kabla ya Idi, umeme ulikatika mtaani kwa Biubwa, fundi cherehani. Akaenda yadi ya magari ya Bwana Mbaruku kumwomba jenereta.

"Siazimishi kitu, mama. Hapa watu wananunua."

"Basi niuzie lile gari kubwa."

Mbaruku akachangamka. "Haibridi hiyo! Inatiwa mafuta, na inachajiwa nyumbani kama simu. Ni mtumba, lakini betri yake nzima kabisa."

"Eti inatoa na umeme?"

"Inawasha nyumba nzima!"

"Hapo ndipo mnapoanzia uongo, nyinyi wauza magari."

"Mimi muongo?" Mbaruku akanyakua ufunguo. "Twende kwako sasa hivi. Chomeka unachotaka, mpaka uchoke mwenyewe!"

Waya ukapitishwa dirishani. Cherehani zote zikaunguruma, pasi ikapata moto, na mafundi wa Biubwa wakashona nguo za Idi mchana kutwa huku Mbaruku akinyweshwa kahawa na kusifiwa gari lake.

"Umeamini?"

"Nimeamini, bwana. Hukunidanganya hata kidogo."

"Basi tuandikishane."

Biubwa akakunja kanzu ya mwisho taratibu.

"Tatizo moja tu, Bwana Mbaruku. Mimi sijui kuendesha."