Ngao ya Karatasi

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Najua utasema watu wazima wenye akili zao hawawezi kukaa mezani wakapigana na zimwi la kutunga, na kwamba hakuna funzo ndani ya mchezo. Wewe umeamini mangapi ya kipuuzi kuliko hili, tena ukayachangia? Kaa usikilize.

Mtu mmoja alikuwa na ngao ya karatasi. Aliitwa Nakijwa, mshonaji wa sare za shule, mjane asiyependa upuuzi. Ndugu yake Mbazi alileta nyumbani mchezo wa dadu. Kila mchezaji hupewa karatasi yenye mtu wa kubuni na uwezo wake vitani, na Mbazi mwenyewe husimulia safari na kuwatupia maadui. Nakijwa alipewa mbeba ngao. Wifi yake Salome, mke wa Mbazi, akapewa mpiga mishale. Mdogo wao wa mwisho, Tumsifu, akapewa mganga anayefunga majeraha ya wenzake. Sheria ya meza ilikuwa moja, nayo kali: mtu wako akifa, karatasi inachanwa, nawe hukai tena pale mpaka mwaka ugeuke.

Tumsifu alikuwa amerudishwa kwao na mume, yeye na begi moja. Wiki nzima alilala akitazama ukuta. Jumapili tu, baada ya ibada, dadu zikigonga meza, ndipo alipofungua mdomo. Nakijwa aliliona hilo siku ya kwanza, na tangu hapo hakuogopa kitu kingine ila karatasi ile kuchanwa.

Sasa sikia kosa lake. Uwezo mkuu wa mbeba ngao uliandikwa hivi: akitamka "Nipige mimi," adui atawaacha wengine amgeukie yeye. Nakijwa alipousoma alisisimka mwili. Kwao mtu hajiitii balaa. Mama yao aliwachapa kibao cha mdomo kwa neno kama hilo, hata likiwa la utani. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaufuta uwezo ule wote bila kumaliza kuusoma. Kisha akacheza anavyojua yeye, kukimbia mbele na kukata kwa panga. Panga la mbeba ngao ni butu. Alimkwaruza adui, adui akampita, akaenda kumrarua mganga.

"Wifi, hiyo ngao umeibeba ya kuanikia dagaa?" Salome akamkejeli.

Jumapili ya nne zimwi la mtoni likamkaba mganga. Alibakiwa na uhai wa pigo moja. Tumsifu aliishika karatasi yake kwa vidole viwili, tayari kuichana, na macho yake yalikuwa yameshaanza kurudi ukutani.

Neno lilikuwa chini ya wino, lakini Nakijwa hakuwa amelisahau. Aliogopa. Mtu mzima, mbele ya zimwi la karatasi! Cheka ukitaka. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nipige mimi, we zimwi mla vyura! Huyo mwache!"

Mbazi akarusha dadu. Likaja pigo la kumuua yeyote pale mezani. Nakijwa akafumba macho.

"Dada," Mbazi akasema, "haya, ligawe nusu."

"Nusu ya nini?"

Mbazi akaichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mstari wa pili chini ya wino: pigo alilojiitia mbeba ngao humfikia nusu, kwa kuwa ngao iliumbwa kwa ajili hiyo.

"Na wewe ulinyamaza siku zote hizi?"

"Nilikuandikia, Dada. Nikadhani hutaki."

Nakijwa akashusha pumzi aliyoibana tangu Jumapili ya kwanza. Mtu wake alikuwa anavuja damu, lakini amesimama. Tumsifu akaiweka karatasi yake mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Okota kiti ukae, Dada, nikufunge hilo jeraha," akasema, na akacheka. Mjane na mikunjo yake ya uso akakaa, akafungwa jeraha.

Nami nakuuliza wewe uliyekunja uso: ule mstari ulioufuta kwenye karatasi yako kwa woga, uliusoma mpaka mwisho?

Nakijwa hakungoja jibu lako. Alisema maharage yanaungua, na siku hiyo hakuwa amebandika maharage. Akatoka, akafunga mlango, wasimwone akilia.